Mieleka ya Kila Wiki na Afya ya Familia

Ukurasa kama huu huzungumza zaidi juu ya malaria, chanjo, maji safi na lishe ya watoto. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawadhani kuwa lina uhusiano wowote na hospitali, nalo ni mieleka inayoonyeshwa kwenye televisheni kila wiki.

Tunaandika kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo huu unapendwa sana. Kuanzia Mailimoja na Picha ya Ndege hadi Mlandizi, na kuanzia Kisarawe mjini hadi Maneromango, ni vigumu kuupata mtaa usiokuwa na kijana awezaye kukutajia majina ya wanamieleka kumi bila kupumzika. Pili, mzazi anapomleta mtoto aliyeteguka bega au aliyechanika kichwani, nasi tukauliza alikuwa akifanya nini, mara kwa mara jibu huwa ni hili: "Nesi, walikuwa wanacheza mieleka."

Hatuandiki ili kuulaani mchezo wenyewe. Sisi pia tu wapenzi wake. Tumeutazama tangu enzi za kanda za video, na mpaka leo, zamu zikituruhusu, tunaketi na watoto na wajukuu na kushangilia pamoja nao. Lakini mpenzi wa kitu hana budi kukifahamu, na mzazi hana budi kufahamu zaidi.

MIELEKA HII ILITUFIKIAJE?

Kushindana kwa kuangushana si jambo geni kwetu. Watoto wa Pwani wameangushana mchangani tangu zamani, na aliyelaza mgongo chini ndiye aliyeshindwa. Mieleka ya televisheni ni kitu kingine kabisa, na ilitoka Marekani.

Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilianza kuipata mwaka 1994, vituo vya binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Pasipo na televisheni palikuwa na deki, kanda na jenereta. Katika vibanda vya video, ambavyo vijana huviita vibanda umiza, mtoto alilipa kiingilio akakaa kwenye benchi la mbao, akawaona Hulk Hogan na Undertaker kwa macho yake. Baadaye zikaja sidii, kisha ving'amuzi, hasa baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Siku hizi vipande vya mapambano vinapita katika simu, na mtoto huvitazama hata chini ya shuka.

Kipindi kikubwa cha kila wiki, kiitwacho Raw, kilianza tarehe 11 Januari 1993, na ndugu yake, SmackDown, kikafuata mwaka 1999. Kampuni inayoviendesha iliitwa WWF hadi mwaka 2002, ilipobadili jina na kuwa WWE baada ya kushindwa kesi na shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyamapori lililotumia herufi hizo hizo. Wazee wengi bado husema "WWF," na vijana huwacheka.

Utamu wake ni kwamba hadithi haiishi. Kila wiki yupo steringi, yupo adui, na yupo rafiki anayegeuka kuwa msaliti wakati mwamuzi ametazama pembeni. Ukikosa wiki moja, wenzako watakusimulia kisimani au kituo cha daladala. Ndiyo maana tunasema kipindi hiki ni ndugu wa tamthilia, ila badala ya kulia sebuleni, watu hurushana kwenye kamba.

JE, NI KWELI AU NI UONGO?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Jibu ni kwamba mshindi hupangwa kabla, lakini miili ni ya watu kweli.

Mwaka 1989 wakuu wa kampuni hiyo waliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey nchini Marekani kwamba mieleka yao ni burudani, wala si mashindano, ili wasisimamiwe kama ndondi zinavyosimamiwa. Kwa hiyo si siri. Wanaopigana ulingoni huwa wanasaidiana. Anayeinuliwa juu hujirusha mwenyewe ili mwenzake asilemewe. Anayeanguka hutua kwa mgongo mpana, kidevu kimebanwa kifuani, mikono ikipiga sakafu kusambaza kishindo. Sakafu yenyewe ni mbao juu ya vyuma, zikafunikwa godoro jembamba na turubai, nayo hunesa kidogo na kutoa mlio mkubwa. Mlio ule ndio unaotushtua sisi tulioko kwenye benchi.

Majina na koo za wanamieleka nazo ni za maigizo. Undertaker, ambaye watoto wengi wa huku waliamini kwamba amekufa na kufufuka mara kadhaa, anaitwa Mark Calaway, mzaliwa wa Houston, Texas. Alianza katika kampuni hiyo mwezi Novemba 1990 akastaafu Novemba 2020, na katika miaka yote hiyo thelathini hakufa hata mara moja. Kane, aliyeitwa mdogo wake aliyeungua moto, si ndugu yake hata kidogo. Ni Glenn Jacobs, aliyechaguliwa mwaka 2018 kuwa meya wa Knox huko Tennessee. Ni vizuri mtoto alifahamu hili mapema, maana mtoto anayeamini kwamba mtu hufa Jumatatu akafufuka Jumatatu inayofuata hawezi kuona hatari ya kumrukia mwenzake shingoni.

PAMOJA NA USTADI WOTE, WANAUMIA

Msomaji asije akasema: kama ni maigizo, basi hapana madhara. La hasha. Hawa ni watu waliofundishwa kwa miaka, na bado wanaumia.

Mwezi Agosti 1997 Steve Austin aliinuliwa kichwa chini miguu juu, akashushwa vibaya, na kwa muda mfupi hakuweza kujongeza viungo vyake. Shingo ile ilimsumbua hadi alipoacha mieleka. Mwezi Juni 1998 Mick Foley aliangushwa kutoka juu ya kizimba cha chuma, kimo cha kama mita 5, mbele ya maelfu ya watu. Tarehe 23 Mei 1999, katika mji wa Kansas City, Owen Hart alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini ili aingie ulingoni kwa mbwembwe. Kifungo kikaachia, akaanguka, akafa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Darren Drozdov, kijana mwenye nguvu aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani, alikosewa kidogo tu katika mnyanyuo wa kawaida. Alivunjika shingo akapooza, naye alibaki hivyo hadi alipofariki mwaka 2023.

Mtazame Drozdov kwa makini. Ulingo ulikuwa laini, mwenzake alikuwa mstadi, na madaktari walikuwa karibu. Kosa moja dogo, miaka karibu 24 kitandani na kwenye kiti cha magurudumu.

Hata kichwa kisichovunjika huumia. Chris Nowinski, msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeingia mieleka, aliacha kucheza kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo. Mwaka 2007 alianzisha taasisi ya kuchunguza madhara ya vichwa vinavyopigwa mara kwa mara michezoni. Mwaka 2010 kampuni ya WWE ilipiga marufuku kumpiga mtu kiti cha chuma kichwani. Ikiwa wenyewe wamekatazana, mtoto wetu atafanyaje na kigoda cha jikoni?

WATOTO NA KUIGA

Mwaka 1961 mtaalamu Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Watoto walipoachwa na mwanasesere yule walimpiga vile vile, hata maneno ya yule mtu mzima wakayarudia. Wahenga wetu walilijua hilo bila kuingia chuoni: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kuna mambo matatu yanayomfanya mtoto aumie zaidi kuliko mwanamieleka:

(a) Kichwa cha mtoto ni kikubwa na kizito kikilinganishwa na mwili wake, na misuli ya shingo yake bado ni dhaifu. Akirushwa, kichwa ndicho hutangulia.

(b) Mahali pa kuangukia ni sakafu ya sementi, udongo mkavu, ukingo wa kitanda au mawe ya jikoni. Hapana mbao zinazonesa.

(c) Watoto hawasaidiani. Mmoja anaigiza, mwingine amekasirika kweli. Tena mara nyingi mkubwa humchukua mdogo, kwa kuwa mdogo ndiye rahisi kumnyanyua.

Mwaka 1999, katika jimbo la Florida, mvulana wa miaka 12 alimwua kwa kipigo msichana wa miaka 6. Mtu mzima alikuwamo nyumbani, lakini hakuwa chumbani pamoja nao. Mawakili wa mvulana walidai kwamba alikuwa akiiga mieleka ya televisheni. Mahakama haikukubali utetezi huo, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001, ingawa hukumu hiyo ilitenguliwa baadaye. Sisi hatuwezi kumhukumu mtoto yule wala kuihukumu televisheni. Tunachojua ni kwamba wazazi wa pande zote mbili walipoteza mtoto siku moja, na kwamba mkubwa na mdogo wasiachwe peke yao katika michezo ya nguvu.

HUDUMA YA KWANZA

Tunaomba sehemu hii ikatwe na kubandikwa ukutani.

Mtoto akiangukia kichwa au shingo, na akalalamika maumivu ya shingo, ganzi, au akashindwa kujongeza mkono au mguu:

1. Usimwinue, usimketishe, wala usimgeuze kichwa. Mwambie atulie pale pale alipo.

2. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishika kwa mikono miwili, kisijongee upande wowote. Asikivute.

3. Usikubali mtu yeyote "amnyoshe" shingo au kumkanda kwa mafuta. Ndani ya pingili za shingo hupita mshipa mkuu wa fahamu. Ukikatika, hauungwi tena.

4. Usimpe maji wala chakula. Angalia kama anapumua. Kama hapumui, kumsaidia apumue ni jambo la kwanza kuliko shingo.

5. Tafuteni ubao mpana au mlango. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda kama gogo moja, kisha wamlaze juu yake. Zungusheni nguo zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa.

6. Tafuteni gari ambalo atalala. Kumpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, yaani mshikaki, kunaweza kumpoozesha mtoto ambaye angepona.

Mtoto aliyegonga kichwa akaonekana mzima aangaliwe kwa makini muda wa saa 24. Apelekwe hospitali mara moja endapo atatapika zaidi ya mara moja, kichwa kikazidi kuuma, akasinzia kupita kawaida au kuwa mgumu kuamshwa, akachanganya maneno, akapata degedege, mboni za macho zikatofautiana ukubwa, au damu au maji meupe yakatoka puani au masikioni. Wanaokaa mbali, kama vijiji vya ndani vya Kisarawe ambako usafiri wa usiku ni wa shida, wasingoje kupambazuke. Waanze safari dalili ya kwanza inapoonekana.

Aidha, mtoto aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi michezoni mpaka apone kabisa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ndilo baya zaidi.

AFYA YA MTAZAMAJI

Tuache watoto, tujitazame sisi wenye kukaa kwenye viti.

Moyo na presha. Mtu anaposisimka, mwili humimina adrenalini, moyo hukimbia na shinikizo la damu hupanda. Kwa mtu mzima wa afya hayo hupita. Kwa mwenye presha asiyemeza dawa zake ni hatari. Madaktari wa Munich, Ujerumani, walichunguza siku za Kombe la Dunia la mwaka 2006, wakaona kwamba siku timu ya Ujerumani ilipocheza, wagonjwa wa dharura wa moyo waliongezeka zaidi ya mara mbili. Hiyo ilikuwa kandanda, lakini moyo hautambui mchezo gani uko kwenye kioo. Babu mwenye presha atazame, ashangilie, lakini dawa ya siku ile awe ameimeza, na kifua kikibana au mkono wa kushoto ukiuma, kipindi kiishie hapo aende hospitali.

Usingizi. Raw huchezwa Jumatatu usiku Marekani, na kwetu huwa ni alfajiri ya Jumanne. Wako vijana wanaoamka saa kumi usiku ili waione moja kwa moja. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mwanafunzi anayesinzia darasani huenda hana ujinga wala minyoo. Huenda ni Raw tu. Marudio yapo, na mshindi hatabadilika.

Mbu. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, na Pwani yetu wapo. Chandarua kilichoko nyumbani hakimkingi mtu aliyekaa kibandani hadi saa tano. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, na mtoto mdogo asipelekwe huko kabisa.

Hewa. Kibanda kisicho na madirisha, watu sitini wakipiga kelele kwa saa tatu, ni mahali pazuri kwa vijidudu vya kifua kikuu. Mwenye kibanda atoboe madirisha pande mbili. Mwenye kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi aende kupimwa makohozi kabla ya kwenda kutazama mapambano.

Barabara. Kibaha imepasuliwa katikati na Barabara ya Morogoro. Watoto wanaotoka kibandani usiku hutoka wakisukumana na kurukiana, huku malori na mabasi yakipita. Huo ulingo hauna mwamuzi.

MISULI ISIYO YA UGALI

Vijana wanaonyanyua vyuma hutuuliza wafanyeje wapate kifua kama cha wanamieleka. Tunawajibu: maharage, mayai, samaki, mazoezi ya kila siku na subira. Wengine hawana subira, hutafuta sindano za steroidi.

Hulk Hogan, aliyewaambia watoto wa dunia nzima wafanye mazoezi, wasali na wale vitamini, alikiri mahakamani mwaka 1994 kwamba alitumia steroidi kwa miaka mingi. Alifariki tarehe 24 Julai 2025 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 71. Hatusemi kwamba dawa hizo ndizo zilizomwua, maana hatukumpima. Lakini inafahamika kwamba steroidi zinazotumiwa bila daktari huharibu moyo na ini, huzidisha hasira, hukausha korodani na kumnyima mtu uzazi. Sindano ikichangiwa, yanaongezeka Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Vivyo hivyo wembe: zamani baadhi ya wanamieleka walijichanja paji la uso kwa siri ili damu itiririke. Kijana asithubutu.

JITU LA UGANDA

Tuna kisa kimoja kinachotuhusu sana. Katika miaka ya 1980 alikuwako mwanamieleka mkubwa mno akiitwa Kamala, Jitu la Uganda. Aliingia ulingoni na mkuki na kinyago, tumbo limechorwa, miguu pekupeku. Hadithi ilidai kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin, na kwetu sisi tuliokumbuka Vita ya Kagera, jina hilo lilitosha kutuzomesha. Kumbe hakuwa Mganda. Alikuwa James Harris, Mmarekani mweusi wa Mississippi, aliyevishwa sura ya Mwafrika mshenzi ili watu wacheke na kuogopa. Wazazi wawaeleze watoto hilo pia: Mwafrika wa kwenye ulingo ule alibuniwa na watu ambao hawakumjua.

Na mwisho wake je? Harris alikuwa na kisukari na shinikizo la damu. Mwaka 2011 alikatwa mguu wa kushoto, na mwaka 2012 wa kulia. Alifariki mwezi Agosti 2020 akiwa na miaka 70, baada ya kuambukizwa UVIKO-19. Mtu aliyeogopwa na majitu wenzake aliangushwa na sukari.

Hapa kwetu watu wanaendelea kukatwa miguu kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kisukari apime sukari yake, atazame nyayo zake kila jioni, avae viatu hata uani, na kidonda kidogo cha mguuni akilete hospitali siku ile ile. Tena wakati wa mapambano, chupa ya soda na sahani ya chipsi visiwe desturi ya kila wiki.

FAIDA ZAKE ZIPO

Tusimalize bila kusema haki. Kucheka kwa pamoja ni dawa. Tunajua nyumba ambazo baba na kijana wake hawana mazungumzo mengine ila mieleka, na hayo yakianza, mengine hufuata. Bibi aliyefungwa nyumbani na miguu inayouma anangoja siku ya kipindi kama wengine wanavyongoja mnada. Hata hasira hupata mahali pa kutokea: wenzetu wa Makunduchi, Zanzibar, kila mwaka katika Mwaka Kogwa hupigana kwa migomba hadharani, wakimaliza hurudi nyumbani wakiwa ndugu.

Jirani zetu wameifanya kazi pia. Kinshasa wana mieleka yao waiitayo catch, yenye ngoma na vituko vya uganga. Mjini Mukono, Uganda, Daniel Bumba, aitwaye Bumbash, ambaye alikuwa akitangaza mieleka ya televisheni kwa Kiganda, alianzisha mwaka 2023 kundi la vijana wanaocheza katika ulingo wa tope lenye nguzo na fito za mianzi. Tope ni laini kuliko sementi, na wanafanya mazoezi kabla ya kurushana. Hilo angalau ni jambo la kujifunza.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

- Tazameni pamoja. Mtoto asiachwe na simu wala kibanda. Mzazi akiwa pale, aseme wazi: "Unaona alivyobana kidevu? Unaona mwenzake alivyojirusha? Wamefundishwa."

- Mtoto wa chini ya miaka saba asitazame. Bado hajui kutenganisha maigizo na kweli.

- Iwekwe sheria moja isiyovunjwa: hakuna kunyanyuana, hakuna kurukiana kutoka kitandani, hakuna kukabana shingo. Anayevunja hatazami wiki inayofuata.

- Watoto wanaopenda kuangushana wapelekwe mchangani, wa umri mmoja na uzito mmoja, mtu mzima akiwapo. Mieleka ya mababu, ya kulaza mgongo chini, inatosha.

- Tusibezane. Mtoto anayepigwa na wenzake kila siku akiambiwa "ni mchezo tu" asikilizwe, atazamwe mwili.

- Mume asifanye mieleka kwa mke, wala mzazi kwa mtoto. Ulingoni wamekubaliana wote wawili kabla ya kengele. Nyumbani hakuna aliyekubali kupigwa.

- Wenye vibanda wawarudishe watoto nyumbani kabla giza halijaingia.

Ndugu wasomaji, mwanamieleka akianguka ana daktari kando ya kamba. Mtoto wako ana wewe. Kipindi cha wiki hii kitakapoanza, vuta kiti ukae karibu naye, na wiki ijayo pia.